Gari Lililoachwa na Mume Asiyeliacha

Mshauri wangu mpendwa, pole na kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Naomba msaada wako kabla sijafanya la pili, maana la kwanza nimeshalifanya. Jina langu naomba usilitaje, niite tu Mama Nati, hilo nalo siyo jina la mtoto, ni baba yake aliyembandika, yeye ni fundi magari na siku ya kwanza alipomshika alisema kadogo hivi, lakini kakilegea haka nyumba nzima inatikisika. Nati sasa ana miezi kumi, naandika yupo mgongoni amelala, ukiona mstari umepinda ujue amejigeuza, na shule sikufika mbali kwa hiyo unisamehe pale nisipoweka nukta.

Nina miaka ishirini na mitatu na ndoa yetu ina miaka minne, hiyo minne naomba uishike kichwani kwa sababu ndiyo inayoniua. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya gereji, dirisha la jikoni linatazama uani, nikikoroga uji naiona miguu ya mume wangu imetokeza chini ya gari, na zamani nilikuwa nikiiona ile miguu nafurahi peke yangu, nasema yule ni wangu, hata soksi iliyotoboka naijua ni ya mguu gani. Gereji ni ya watu wawili, mume wangu na mwenzake fundi umeme tunayemwita Rewaya, ni mtu mzima kuliko mume wangu, mtu wa utani, mimi ananiita shemeji na mume wangu anamwita mdogo wangu, walianza na sanduku moja la spana miaka tisa iliyopita. Mke wa Rewaya ndiye aliyenishika mkono siku ya kujifungua kwa sababu mama yangu yuko mbali.

Sasa sikia ilivyoanza. Mchana mmoja nilikuwa naanika nepi nikamsikia mume wangu nyuma ya ukuta anaongea na simu, sauti ya chini, sauti ya upole, sauti hiyo naijua sana maana ndiyo aliyonitongozea. Anasema, "Huyu ameachwa siku nyingi. Miaka minne tu, wakamwacha. Lakini mzuri, haki ya Mungu, ukimfungua ndani hajachakaa hata kidogo. Simwachii mtu mwingine amguse."

Mshauri, nepi ilinidondoka kwenye vumbi. Nikazunguka ukuta na ndoo yangu mkononi, nikamuuliza, "Nani ameachwa?"

Akanitazama, akaitazama ndoo, akacheka mpaka akashika magoti. "Gari, Mama Nati! Naongea na muuza spea!"

Rewaya naye kutoka ndani ya boneti akadakia, "Shemeji, tua ndoo. Mke mwenzio huyo ana magurudumu manne."

Kumbe mafundi wakisema gari limeachwa maana yake kiwandani wameacha kulitengeneza, na wao magari yote wanayaita huyu na yule kama watu. Nikacheka na mimi, mume wangu akanishika mkono akanipeleka kuliona. Ni gari la kifahari, la juujuu lile la kupanda popote, siyo kubwa la wakubwa wala siyo dogo, la kati, rangi ya damu ya mzee, viti vya ngozi laini kuliko godoro letu. Halisimami kwa springi kama mengine, linasimama kwa mito ya hewa, na mito ile ikikosa wa kuiamuru gari lote linashuka linapiga magoti, na ndivyo lilivyokuwa uani kwetu, limepiga magoti kama limekuja kuomba radhi. "Ubongo wake umekufa," akaniambia. "Kiboksi kidogo tu. Na hakitengenezwi tena, na gari lenyewe mji mzima lipo hili moja."

Hapo sikuwa na wivu, nilikuwa na huruma. Wivu ulikuja Jumatano, umevaa viatu vya kisigino.

Mwenye gari wanamwita Mama Miwani, ana miwani ya fremu nyekundu, ni mfamasia, ana duka lake la dawa, na kila Jumatano mchana anakuja kulitazama gari lake kama mtu aliyekuja wodini. "Daktari, mgonjwa wangu ameamkaje?" Daktari! Tangu azaliwe mume wangu hajaitwa daktari na mtu. Na yeye ambaye mimi nikimuuliza ameamkaje ananijibu "safi" amenipa mgongo, huyo mama anamjibu maneno ishirini. Na mume wangu kabla hajamsalimia ananawa, Mshauri, ananawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, mpaka kwenye kucha, mimi mtoto wangu anabebwa na vidole vya grisi, kila gauni la Nati lina dole gumba la baba yake mgongoni.

Nikamuuliza Rewaya kiutani, "Huyu mama kwao hakuna mwanamume wa kuleta gari gereji?"

Akasema, "Huyo ameachwa, shemeji."

"Gari au mama?"

"Wote wawili." Akacheka, mimi sikucheka.

Halafu siku moja Mama Miwani akanifuata mwenyewe mpaka dirishani, ananukia vizuri, akasema, "Hongera mdogo wangu. Mume wako ana mikono." Nikajibu ahsante dada. Akaondoka, mimi nikakata vitunguu vitatu ambavyo sikuwa na kazi navyo. Ana mikono! Mimi nalala na mikono ile miaka minne, leo mtu wa Jumatano kwa Jumatano ananipa habari zake.

Na jioni tukikaa kula ndiyo balaa, maana mume wangu hana hadithi nyingine. Anaisema kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. "Mwaka wa kwanza kila mtu alimsifu, picha zake kila mahali. Mwaka wa pili wanunuzi wakaanza kusita, wenye familia kubwa wakasema mdogo, wa hali ya kati wakasema ghali. Mwaka wa tatu wakambadilisha taa, wakamvisha na urembo wa kung'aa usoni, wapi! Mwaka wa nne wakafunga mashine. Na ndiye alikuwa bora kuliko yote waliyowahi kutoa, Mama Nati. Hawakumpa muda tu." Akifika kwenye hawakumpa muda tonge linasimama hewani, macho yamelegea kama anatoa taarifa ya msiba.

Na mimi pale nahesabu. Mwaka wa kwanza alinisifu mpaka majirani wakachoka. Mwaka wa pili tukangoja mtoto, mtoto haji, akaanza kunitazama kwa kusita. Mwaka wa tatu nikashika mimba, uso ukabadilika, miguu ikavimba, nikaenda nikasuka nywele mtindo mpya, akapita mlangoni akauliza spana namba kumi iko wapi. Huu ni wa nne. Nikamuuliza, "Sasa walipofunga mwaka wa nne wakatoa nini?" Akajibu huku anatafuna, hakufikiri hata kidogo, "Wakatoa jipya. Kubwa zaidi, lina nafasi."

Niambie Mshauri, ningelala vipi? Gari lile linapendwa kwa sababu halipatikani, kila kipande chake kinatafutwa kwa simu kama ndugu aliyepotea. Mimi ni kama pikipiki, spea zangu zipo kila kona, nikiharibika hakuna atakayehangaika.

Alikitafuta kile kiboksi miezi saba. Alhamisi iliyopita kikafika, kimetolewa kwenye mwenzake aliyepata ajali mji mwingine, cheusi, ukubwa wa kasha la sabuni, upande mmoja kina vijino vingi vya shaba. Mimi niliingia stoo ya gereji kumpelekea chai nikamkuta anakifunga. Kwa shali ya Nati. Ile ya manjano niliyoifuma mwenyewe tumbo likiwa kubwa, nikifumua nikirudia kwa sababu sikujua kuhesabu vitundu, shali ambayo hata maziwa sijawahi kuifutia. Anakifunga taratibu, anakunja pembe kwanza halafu katikati, kama mimi ninavyomfunga mtoto. "Kisipate vumbi," akasema, akakiweka kwenye rafu akatoka kwenda kumpigia simu Mama Miwani, na alikwenda kupigia nje penye mtandao mzuri.

Mimi nilitaka shali yangu tu, Mungu ananiona, lakini mkono ulichukua vyote. Nikaenda zangu jikoni, kiboksi nikakisukuma nyuma ya pipa la maji, shali ilikuwa na harufu ya grisi nikaifua palepale nikaianika kwenye kamba ya uani.

Nusu saa haikupita wakaingia yeye na Rewaya wakichukue wakakifunge kwenye gari. Rafu tupu. Mume wangu akasema humu hajaingia mtu zaidi ya sisi wawili. Unaona? Mimi hakunihesabu, mimi ni kama mlango, unapita tu. Wakatafuta, wakapindua makopo ya oili, halafu mume wangu sauti ikampanda, mbele ya wateja wawili, mbele ya fundi tairi wa jirani na mama anayeuza chai pale getini, akamwambia Rewaya, "Ni wewe tu uliyekuwa humu."

Rewaya akacheka, alidhani utani. Alipoona siyo utani akachukua mkoba wake akaumwaga juu ya boneti la lile gari, testa, tepu nyeusi, vipande vya waya, kontena lake la chakula. "Miaka tisa nashika nyaya zako, mdogo wangu, leo unanipekua? Haya pekua. Pekua na humu." Akafungua mdomo akauonyesha mbele za watu, mtu mzima yule. Hakuna aliyecheka. Akachukua kontena lake tu akaondoka, mkoba akauacha. Na mimi nilikuwa dirishani, Mshauri, pipa liko nyuma ya mguu wangu.

Kesho yake mke wa Rewaya akaja. "Mdogo wangu, mzee hali. Amelala anatazama ukuta, anasema tu nimeitwa mwizi na mtoto niliyemfundisha kazi. Wewe hukuona chochote?" Nikasema sikuwa naangalia. Akaniamini. Hakuninunia hata, na kabla hajatoka akaona kucha za Nati zimekuwa ndefu, akakaa chini akamkata zote kumi, anampulizia vidole asilie.

Jumapili tukiwa tunakula mume wangu kwa mara ya kwanza hakulitaja gari. Akamtazama Nati akamwambia, "Kile kitu hakipendi unyevu, Nati. Kikiingia maji ndiyo basi tena." Nati akacheka. Mimi nikashtuka, nikaona bahati yangu nimesikia, alipotoka tu nikakitoa nyuma ya pipa, nikakifuta, nikakifukia kwenye ndoo ya mchele. Tangu kiboksi kipotee mume wangu amekuwa mtu wa kukaa kwenye tairi kuukuu, anatazama gari halifanyii kitu.

Leo Jumatatu Mama Miwani amepiga simu, amesema amechoka, Jumamosi analeta lori la kulivuta, ataliuza kama chuma chakavu. Basi si ndiyo nilichotaka, liondoke na mwenyewe asionekane tena? Mbona nikichota maji kwenye pipa namwona Rewaya na ule mdomo wazi?

Nina mawazo matatu na yote yananizunguka. La kwanza ninyamaze mpaka Jumamosi gari liende, kiboksi nikitupe chooni. La pili nikirudishe kimyakimya nyuma ya makopo ya oili kama kilidondoka, wakikiona yaishe. La tatu niseme, na nikisema naogopa huu mwaka wa nne ndiyo utakuwa wa kufunga mashine. Nishike lipi? Na uniambie ukweli usinifiche, huyu mama mume wangu anampenda? Mimi bado nina matumaini, bado nikiona miguu yake chini ya gari moyo unaruka, na Nati ameanza kusimama, anajishikilia kwenye tairi la gari lilelile ninalolichukia, kwa sababu limeinama na analifikia.

Naomba unijibu upesi.

Mimi, mama wa mtoto mmoja, mke wa mwaka wa nne.


JIBU LA MSHAURI

Mama Nati, barua yako nimeipata Jumanne na nimeiweka mbele ya zilizotangulia, kwa sababu lori halingoji foleni yangu.

Kwanza pole. Kulea mtoto wa kwanza mbali na mama yako, huku mume analeta msiba wa gari kwenye sahani kila jioni, kungekitia wivu hata kinu. Na ile shali, ungenitoa machozi hata mimi. Kwa hiyo wivu wako siugombezi. Naigombeza mikono yako, na baada ya mikono naugombeza mdomo, maana mikono ilikosa mara moja, mdomo umekosa kila siku tangu Alhamisi.

Hebu tuanze na Rewaya, ambaye umemweka katikati ya barua kama mpita njia. Mtu mzima amefunua kinywa chake mbele ya muuza chai ili athibitishe hajameza kitu kilicho nyuma ya pipa lako. Mke wake amekuja kukuuliza kwa heshima, umemdanganya, naye akamkata mtoto wako kucha. Mwanangu, wewe unaogopa kuachwa. Yule amekwisha kuachwa, na aliyemfanya aachwe ni wewe.

Sasa yale mawazo yako. La chooni sitaki hata kulisikia. La kukirudisha kimyakimya linaonekana la busara, na ndilo baya kuliko yote. Kiboksi kikionekana ghafla nyuma ya makopo ambayo walishayapindua, watu watasema nini? Watasema Rewaya ameogopa, amekirudisha. Leo anashukiwa, kesho utakuwa umemhukumu.

Na huo usiri unaoulinda haupo. Mumeo anajua.

Usishtuke, soma tena ulichoniandikia mwenyewe. Kiboksi kilifungwa ndani ya shali. Kiboksi kikapotea, na shali ikaonekana inapepea kwenye kamba, imefuliwa, inadondosha maji mbele ya gereji! Mama Nati, mwizi gani huyo anaiba kitu halafu anakufulia nguo? Alhamisi mumeo alikuwa na hasira, hasira haioni kamba. Hasira ilipopoa akaiona. Akaona maji yanadondoka kwenye shali na moyo wake ukaenda kwenye kiboksi, ndiyo maana Jumapili akamwambia mtoto kitu kile hakipendi unyevu. Mtoto wa miezi kumi anaambiwa habari za unyevu za nini? Alikuwa anakuambia wewe. Na wewe ukasikia, ukakifuta, ukakihamisha. Mmezungumza, ila mmemtuma mtoto.

Utauliza kwa nini basi hasemi. Kwa sababu ameona aibu. Amemwita kaka yake mwizi mbele za watu, kisha akakuta mwizi analala kitanda kimoja naye. Akikusema, anakuvua nguo. Asipokusema, anamzika Rewaya. Basi amekaa kwenye tairi anangoja umtoe kwenye shimo hilo. Hilo ni kosa lake, na nitamwambia hapahapa: Baba Nati, kila siku unayongoja ni siku nyingine mzee wa watu anatazama ukuta. Kunawa kwa sabuni unajua, nawa na hili.

Tuje kwa Mama Miwani. Umeniandikia "ameachwa" kama mtu anavyoandika "ana upele". Mimi ninayekujibu niliachwa mwaka ambao mwanangu wa pili alianza shule. Sikuamka kesho yake nikaanza kuzunguka gereji nikitafuta mume wa mtu. Niliamka nikatafuta fundi wa bomba, maana bomba lilikuwa linavuja na hapakuwa na wa kunisaidia. Mwanamke anayekuja mchana kweupe, anayekusalimia dirishani, anayekuita mdogo wangu na kukusifia mume wako mbele yako, mtafutie kosa lingine. Kosa la kunukia vizuri halina adhabu.

Je, mumeo anampenda? Moyo wa mtu siwezi kuufungua boneti. Lakini nimeishi, na sijaona mwanamume mwenye hawara akaileta habari ya gari la hawara mezani kila jioni, tonge mkononi, akamsimulia mkewe mwaka baada ya mwaka. Hadithi ile hakumsimulia Mama Miwani kwa simu. Amekusimulia wewe, na wewe umeishika vizuri kuliko muuza magari. Umeisikia yote isipokuwa neno moja. Anasema hawakumpa muda. Huyo ni mtu anayewalaumu walioacha, Mama Nati, wewe ukasikia mtu anayejifunza kuacha. Hesabu yako ya miaka minne ni ya kiwandani, ya watu wanaokaa mezani kutazama kilichouzwa na kisichouzwa. Nyumbani kwako mwaka wa nne ndiyo mtoto anaanza kusimama.

Hata hivyo hujaota tu. Mwanamume akimjibu mteja maneno ishirini na mke neno moja, mke ana haki ya kuuliza kumi na tisa yako wapi. Muulize. Kwa mdomo, siyo kwa kuficha vitu. Mwambie, nilisuka hukuona. Mwambie, ulichukua shali yangu bila kuniuliza. Wanaume wa spana hawajui kusoma uso, lakini ukiwaambia hasa panapogonga, wanasikia. Ila hayo ni ya wiki ijayo. Usiyachanganye na ya leo, ukiyachanganya utakuwa unajitetea.

Ya leo ni haya. Toa kiboksi kwenye mchele. Usikipulize, pumzi ina unyevu. Kifute kwa kitambaa kikavu, tikisa vumbi la mchele litoke kwenye vile vijino. Mpe mumeo mkononi, umwambie, "Nilichukua mimi, kwa wivu." Ukifika hapo nyamaza. Usiseme "lakini". Akifoka, mwache afoke, ana haki ya dakika kumi. Akiinua mkono, hiyo siyo haki yake: mchukue mtoto, utoke, na uniandikie tena.

Halafu msikae kuongea. Nendeni kwa Rewaya, wote wawili na mtoto, leo hii. Wewe utakiri, mumeo ataomba radhi, na asiombe sebuleni tu. Aliyeaibishwa uani husafishwa uani. Mwombeni arudi gereji, na mbele ya fundi tairi na mama wa chai mumeo aseme kwa sauti ileile aliyotumia Alhamisi: kaka yangu hakuiba, nilikosea, kitu kilikuwa nyumbani kwangu. Mkoba wake ampe kwa mikono miwili. Na kiboksi akifunge Rewaya, yeye na siyo mwingine. Akikataa kurudi, msimlazimishe. Rudini kesho, na keshokutwa. Mke wake umwombe radhi peke yako, faragha, maana uongo ulimwambia peke yake, na ujiandae kununiwa. Safari hii ana sababu.

Mama Miwani apigiwe simu kabla ya lori. Apige mumeo, wewe ukiwa umekaa pembeni. Gari likisimama, heri. Lisiposimama, liende zake, siyo hilo nililokuwa nahangaika nalo.

Neno la mwisho. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoniomba, na mengine mawili matatu nimeyabadilisha. Lakini gari ambalo lilitengenezwa miaka minne tu, mji mzima likabaki moja, limepiga magoti kwenye uwanja wa gereji, hilo nimeshindwa kulificha, na sikujitahidi sana. Gazeti hili linafika magereji asubuhi. Wengine wanalisoma kabla ya kufutia vioo. Leo ni Alhamisi, na nadhani umelisoma jikoni, mtoto mgongoni. Lifunge. Angalia nje ya dirisha. Kama miguu iko chini ya gari, iite itoke, umwambie wewe kabla hajasomewa na fundi tairi.